Kitenge Ambacho Hakikurudi

Japhet Nshimirimana hakuwa na mjomba Durban. Hakuwa na baba mdogo, wala shangazi, wala jirani wa utotoni anayeweza kusimama mbele za watu na kusema, "Huyu ni wetu, tunamfahamu tangu akitambaa." Hakuwa na suti, aliyoivaa Jumapili ile ya kwenda kuposa ilikuwa ya golikipa wa akiba, na mikono yake ilimfunika nusu ya viganja. Hakuwa na gari, jambo ambalo watu wa mtaa wa Albert Park walishindwa kuliamini, maana kwao mchezaji wa mpira wa kulipwa bila gari ni kama mchungaji bila Biblia. Hakuwa na Kiswahili cha kutosha kutaniana. Alikuwa na Kiswahili cha mama yake, cha kuombea chakula na cha kugombezwa, na mtu akimfanyia mzaha alicheka kwa kuchelewa. Na tangu Ijumaa mchana, hakuwa na kazi.

Hilo la mwisho alikuwa hajamwambia mtu.

Wazazi wake walikuwa Warundi. Walimzaa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, wakapelekwa naye Adelaide, Australia, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Huko ndiko alikokua, na huko ndiko alikogundua kwamba ana kipaji kisicho na makelele: alijua mpira utaangukia wapi kabla ya yule aliyeupiga. Akawa beki wa kati. Alichezea timu za vijana, akapandishwa timu ya wakubwa, akakaa benchi mpaka akalichoka, kisha wakala akampatia nafasi Bayhead Rovers ya Durban, klabu iliyokuwa ikitafuta beki mrefu asiye ghali. Wenzake walimwita Aussie. Alianza vizuri, hata mashabiki wakaanza kumpigia makofi akiupiga mpira kwa kichwa. Halafu goti la kushoto likavimba, likapona, likavimba tena, na msimu ukaisha akiwa jukwaani ndani ya koti, akiwatazama wengine wakifanya kazi yake vibaya.

Kocha hakumkaripia. Ingekuwa heri angemkaripia. Alimwambia kwa upole kwamba klabu haitaongeza mkataba, na kwa kuwa kibali chake cha kukaa nchini kimefungamana na mkataba huo, mwisho wa mwezi itambidi arudi kwao. Kisha akampa mkono, kama mtu anayeaga msibani.

Jumamosi Japhet alikwenda saluni kumwambia Carmel, msusi wa Kikongo aliyempenda. Alimkuta ameshika kichwa cha bibi harusi, na wanawake wengine wamekaa wakisubiri zamu. Carmel alimtazama kupitia kioo, akatabasamu akiwa na pini mdomoni, na macho yake yalikuwa na furaha ya mtu ambaye kesho anachumbiwa. Japhet alisema ana neno. "Kesho, chéri," Carmel alimjibu. "Baada ya kesho tutakuwa na maisha yote ya kuongea." Japhet alisimama pale kidogo akitazama vidole vyake vikisuka, akaondoka.

Mshenga wake alikuwa Mzee Gosbert, Mhaya wa Bukoba, mtunza vifaa wa klabu. Wawili hao waliishi nyumba moja katika mtaa wa Bluff, juu ya bandari. Gosbert aliamini kwamba Mungu alimpa mdomo na kumnyima mshahara ili asiwe na majivuno kupita kiasi. Asubuhi ile, akimfunga Japhet tai, alimkumbusha sheria za siku hiyo.

"Kazi yako ni kukaa," alisema. "Kwa Wakongo ni kama kwetu. Mwenye shida haongei. Mdomo ni mimi, wewe ni mguu uliobeba soda. Nikisema jua ni la kijani, wewe tazama zulia."

Japhet aliitikia, lakini maisha yalikuwa yamemfundisha kinyume. Beki wa kati asiyeongea ni mzigo kwa timu. Tangu akiwa mdogo makocha walimkaripia kwa ukimya wake, mpaka akajifunza kuita, kupanga wenzake, kuiona hatari na kuitaja kabla haijafika. Lilikuwa jambo la pekee alilofundishwa likamwingia mpaka kwenye mifupa.

Lifti ya jengo la kina Carmel huko Albert Park ilikuwa imeharibika. Walipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, Gosbert mbele na fimbo asiyoihitaji, Japhet nyuma na kreti ya soda, goti likimlalamikia kila kona. Vijana wa jengo waliwapita wakisalimia kwa lugha ya mtaani, "Sharp, mzee," na kila mara Gosbert aliwajibu, "Marahaba," ingawa hakuna aliyempa shikamoo.

Sebule ilikuwa imefagiliwa na kujazwa viti vya kuazima. Papa Léonard, baba yake Carmel, alikaa kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa mwalimu zamani kule Uvira, Kongo. Sasa alitengeneza simu katika kibanda kidogo mjini, lakini bado alikaa kama mtu anayesimamia mtihani. Naye kwa desturi hakuongea. Mdomo wake ulikuwa Israël, mdogo wake, mfanyakazi wa kiwanda cha Pinetown, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Mama Marie alikaa kando ya mumewe. Dirishani alikaa Ghislaine, dada mkubwa wa Carmel, ameipa sebule bega.

Mambo yalianza vizuri. Israël aliuliza kama wageni wamepotea njia, maana nyumba hii haiuzi soda. Gosbert alijibu kwamba walikuwa wakipita chini wakaona ua dirishani. Israël akasema maua ya nyumba hii yako mengi, mengine yana miiba, na mengine yanakula sana. Watu walicheka. Zawadi zikawekwa mezani: koti la baba, mchele, chumvi, na kitenge cha mama, cha bluu chenye ndege wa njano, ambacho Japhet alikichagua peke yake. Mama Marie alinyoosha mkono, akakichukua, akakiweka mapajani. Gosbert alimkanyaga Japhet mguu kwa furaha.

Hapo Papa Léonard aliinama, akamnong'oneza mdogo wake. Kicheko cha Israël kikaisha.

"Bon," alisema Israël. "Papa anauliza neno moja tu. Mutoto wenu iko wa kukaa, ama iko wa kupita?"

Hakuna aliyemtazama Japhet. Wote, kwa pamoja na bila kutaka, waligeuza macho dirishani kwa Ghislaine. Alikuwa ameolewa katika sebule hiihii na kijana aitwaye Cédric, aliyekwenda Kanada akiahidi kumtumia karatasi za safari. Mwanzoni alipiga simu kila siku, baadaye kila sikukuu, halafu namba ikaacha kuita. Pete bado ilikuwa kidoleni. Ghislaine alikuwa amekonda, na pete ameizungushia uzi ili isidondoke.

"Wa kukaa," Gosbert alijibu bila kusita. "Mimi nalala naye nyumba moja, jezi yake naifua kwa mikono hii. Klabu wamemwandalia mkataba mpya. Kinachosubiriwa ni kalamu."

Hakuwa anadanganya. Alimpenda kijana huyu, na mtu akipenda, tetesi nzuri huzisikia kama taarifa rasmi.

Papa Léonard alitabasamu kwa mara ya kwanza. Jikoni vyombo viligongana. Carmel alikuwa anapakua, maana baba akishatabasamu chakula huletwa. Kilichobaki kwa Japhet ni kutazama zulia. Alilitazama. Aliuona uzi wa Ghislaine hata bila kuinua macho. Aliiona hatari inakuja, polepole, kutoka mbali, kama mpira wa juu unaochukua muda kushuka, na akafanya alichofundishwa.

"Si kweli," alisema.

Gosbert alimkanyaga tena, safari hii bila furaha.

"Mzee Gosbert hajui. Sikumwambia. Klabu imeniacha tangu Ijumaa. Mwisho wa mwezi narudi Australia, na huko pia sina timu. Sikutaka mnipe mtu kwa maneno ambayo si kweli."

Alipoinua macho, Carmel alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la samaki na sombe, kisamvu cha Kikongo. Hakuliangusha. Alilishika vilevile, sawasawa, mpaka mama yake akainuka akalipokea.

Papa Léonard naye akaivunja desturi. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayemrudishia mwanafunzi karatasi mbaya.

"Kijana, asante kwa kusema ukweli. Lakini sikiliza. Umekuja na mzee, ukamwacha aseme uongo mbele yangu, kisha ukamvua nguo mbele ya watu. Huyo ndiye uliyemwita baba yako kwa leo. Mimi nitakuwa nani kwako?" Alimtupia jicho Ghislaine. "Na hata kama isingekuwa hivyo. Nyumba hii iko na mwanamke mmoja anayesubiri. Wawili, hapana."

Ghislaine hakugeuka kutoka dirishani.

Gosbert aliinuka, akatafuta fimbo yake, akaikosa ilhali iko mkononi. Aliaga kwa heshima zote na kushuka ngazi bila neno, yeye ambaye huwa anaongea hata usingizini.

Carmel alimkuta Japhet ghorofa ya sita, ameketi kwenye ngazi, amelinyoosha goti. Bado alikuwa amevaa gauni lake jipya, na juu yake aproni. Alisimama ngazi chache juu yake na hakukaa.

"Lini?" aliuliza.

"Ijumaa."

"Na jana ulikuja saluni."

"Nilikuja kukwambia."

"Ulikuja, ukanitazama nikisuka, ukaondoka. Nikawaambia wateja wangu, ona anavyonipenda, amekuja kunitazama tu."

Japhet aliomba radhi. Alijieleza kwa Kiswahili, kikamwishia, akaendelea kwa Kiingereza, nacho kikamwishia. Carmel alimsikiliza kwa macho ambayo Japhet hakuwahi kuyaona, makavu na yenye kuuma. Alisema hakasiriki kwa sababu amesema kweli. Anakasirika kwa sababu ameisikia na sinia mkononi, pamoja na wageni, kama mtu aliyeajiriwa kuhudumia.

"Ulimwambia papa kabla yangu," alisema. "Hata baba mdogo Israël alijua sekunde ileile na mimi. Mimi ni nani katika jambo hili?"

"Wewe ndiye jambo lenyewe."

Maneno hayo yalimgusa, akaketi. Kwa muda walisikia redio ya watu wa ghorofa ya chini na mtoto akilia mahali fulani. Bega la Carmel lilikuwa karibu na lake, lakini halikumgusa. Japhet alisikia harufu ya mafuta ya nywele na moshi wa samaki, na akajua kwamba harufu hiyo itamfuata hadi Adelaide.

"Niambie nisubiri," alisema Carmel.

Japhet alilipapasa goti.

"Japhet. Niambie nisubiri, mimi nitajua la kufanya na papa. Akae na hasira mwaka mzima, mimi niko na uvumilivu wake na wangu."

"Sina timu. Wakala anasema labda daraja la pili, wikiendi tu, na kazi ya ghala katikati ya wiki. Goti..."

"Sijauliza goti."

Alitaka kumwambia nisubiri. Neno lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi, fupi na tamu. Lakini kila alipotaka kulitoa aliuona uzi uliozungushwa kwenye pete. Yeye aliyeshindwa kunyamaza palipotakiwa, sasa alinyamaza palipotakiwa maneno.

Carmel aliinuka, akajifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu.

"Unajua wewe ni nini? Wewe ni beki hata kwenye mapenzi. Kitu kikikujia unakipiga mbali kwanza, halafu ndiyo unatazama kilikuwa nini."

Akapanda juu. Japhet alihesabu viatu vyake kwa masikio mpaka mlango ukafungwa.

Siku chache baadaye zawadi zilirudishwa Bluff. Israël alizileta kwa gari dogo la kazini, naye hakushuka. Aliona aibu, maana alikuwa amempenda kijana. Aliyepanda nazo ni Ghislaine. Gosbert, ambaye tangu Jumapili alikuwa akimsalimia Japhet kwa heshima baridi kama mgeni wa hoteli, alizipokea moja baada ya nyingine na kuziweka kitandani: koti, mchele, chumvi, kreti ya soda ikiwa imejaa vilevile. Alizipanga, akazipangua, akatazama chini ya koti. Kisha uso wake ukafunguka.

"Kitenge hakipo," alisema.

Japhet alisema labda kimesahauliwa.

"Mama wa Kikongo hasahau kitenge, mwanangu." Gosbert alikuwa amesahau kwamba amenuna. "Posa ikikataliwa, kila kitu kinarudi, hata chumvi. Baba amerudisha vyake. Mama amezuia chake. Maana yake mlango umefungwa lakini ufunguo anao yeye. Msichana amewekwa. Hakuna mwanaume mwingine atakayepokewa katika sebule ile mpaka kitenge kile kirudi."

Alimgeukia Ghislaine kutaka ushahidi, naye akakubali kwa kichwa. Mama amekifungia kwenye sanduku lake, alisema. Papa anajua, lakini anajifanya hajui. Na Carmel ameacha kulia, anaimba akifua.

Gosbert akaenda kuchemsha chai, akipiga mluzi. Ghislaine alibaki amesimama karibu na dirisha, kama ilivyo desturi yake. Chini bandarini winchi zilikuwa zinashusha makontena, na bahari nyuma yake ilikuwa na rangi ya bati.

"Carmel hajui kama nitakwambia hili," alisema. "Wewe ulisema ukweli mbele ya papa, na mimi nitakwambia wangu. Jioni nikipakua chakula, naweka sahani ya Cédric. Hakuna anayenituma. Sijui hata kama bado namupenda. Mkono tu ndio umezoea. Mama anaiona, anaondoa, ananyamaza. Hivyo ndivyo kusubiri kulivyo. Hakuumi. Kungeuma ningeacha."

Ghislaine alimshika Japhet mkono, akaupapasa uzi wa pete yake mwenyewe, akashuka kurudi kwenye gari.

Usiku wote huo goti halikumuuma. Kilichomuuma hakikuwa na mahali. Alijiambia kwamba yeye si Cédric. Halafu alijiuliza kama Cédric naye hakujiambia hivyohivyo, siku ya mwanzo, kwa nia njema kabisa. Hakuna mwanaume anayeondoka akiwa amepanga kutokurudi. Alifikiria ghala la Adelaide, baridi ya alfajiri, simu ya kila siku ikiwa ya kila sikukuu. Alimfikiria Carmel akipakua samaki.

Asubuhi aliketi mezani na kuandika. Hakumwandikia Carmel, kwa kuwa alijua angemjibu, na jibu lake lingemshinda. Aliandika kwa Kiswahili cha mama yake, polepole, akifuta na kurudia.

"Mama Marie. Shikamoo mama. Nimesikia umeweka kitenge. Hakuna mtu aliyewahi kunipa heshima kubwa kama hiyo, hata uwanjani. Naomba ukirudishe. Sina timu, na sijui nitakuwa nani mwaka ujao. Nikirudi nitakuja na mjomba wangu mwenyewe, na nitaanza upya chini kabisa, na kama Carmel atakuwa kwa mwingine nitakuwa nimechelewa mimi, si yeye. Lakini asiweke sahani yangu. Niombee msamaha kwa Papa, na kwa Mzee Gosbert niliyemwaibisha. Usimwambie Carmel kwamba nililia. Mwanao, Japhet."

Aliisoma mara ya pili. Alisikia sauti ya Carmel kwenye ngazi za ghorofa ya sita: unakipiga mbali kwanza. Alikubali kwamba ni kweli. Hakujua njia nyingine ya kumlinda mtu.

Gosbert aliingia amevaa koti, shati jeupe lililopigwa pasi, na tai ileile ya Jumapili. Alipoiona karatasi macho yake yaling'aa. Kwao, alisema, posa ya watu waliostaarabika ni ya barua. Angesikilizwa tangu mwanzo, haya yote yasingetokea. Akaomba aipeleke mwenyewe. Jumapili mdomo wake uliharibu, leo mguu wake utatengeneza.

"Umeandika vizuri?" aliuliza.

"Nimeandika ukweli."

"Ukweli tena," alinung'unika Gosbert, lakini alikuwa anacheka. "Haya. Ukweli ulioandikwa una adabu kidogo."

Japhet alikunja karatasi. Alitaka kumwambia kwamba hiyo si barua ya posa. Alimtazama mzee akijitazama kwenye kioo, akiinyoosha tai, akijifunza kwa sauti ya chini namna atakavyomwamkia Mama Marie, na kwa mara ya pili neno likabaki mdomoni. Aliilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaishikilia hapo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Kisha akampa. Gosbert aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akachukua fimbo asiyoihitaji, akatoka kutafuta taxi ya mjini. Kutoka dirishani Japhet alimwona akishuka mteremko wa Bluff, mgongo umenyooka, akimsalimia kila aliyekutana naye, kama mtu anayekwenda kuleta bibi harusi.